Herufi ya Mbele

Mtoto alikuwa ametimiza wiki moja duniani na bado hakuwa na jina, na nyanyake alikuwa anakuja kujiona.

Kujiona, ndivyo alivyosema mwenyewe kwenye simu. Mtu mwingine angesema anakuja kumwona mtoto, au kumpa mzazi pole, lakini Nyaguthii hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Nakuja Jumamosi, Shiko. Nakuja kujiona," alisema kutoka Nyahururu, akacheka kidogo, kisha akauliza kama kawaida yake, "Na Njepchirchir hajambo?"

Chichi, mwenye miaka minne, ambaye ndiye huyo Jepchirchir mwenyewe, alikuwa amebandika sikio kwenye simu ya mamake. Akaangua kicheko. "Shosho amesema nje! Mimi si wa nje, mimi ni wa ndani!"

Shiko, ambaye jina lake kamili ni Wanjiku, alicheka naye, lakini simu ilipokatika alibaki ameikodolea macho. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Kitandani kichanga kilikuwa kimelala, ngumi zimekunjwa utadhani kilikuja na ugomvi wake, na hakikujua kwamba watu wazima wa nyumba ile walikuwa wamepoteza usingizi kwa sababu yake.

Tuyaweke mambo wazi mapema, asije mtu akamlaumu Shiko bure. Kwa watu wake, jina la mtoto halitafutwi, linajulikana. Binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili huchukua la mama ya mama, na mwenye jina huhesabiwa kuwa amezaliwa upya. Mwanamke ambaye hajazaliwa hivyo huketi kwenye sherehe za wenzake akitabasamu kwa meno tu. Nyaguthii alikuwa na mtoto mmoja pekee, Shiko. Kwa hiyo nafasi yake ya kuzaliwa tena ilikuwa moja, na sasa ilikuwa imelala pale kitandani imekunja ngumi.

Kwa watu wa mumewe mambo ni mengine. Kimeli ni Mnandi kutoka kijiji cha Ziwa, na kwao mtoto hupewa jina la saa aliyofika au jambo alilolikuta: mvua, wageni, njaa, ng'ombe wakienda malishoni. Jina la msichana huanza na J, basi. Kimeli alipenda kusema kwamba mwalimu wao wa shule ya msingi alipoita majina ya wasichana alianzia J na kuishia J, akafunga rejista akapumzika. Chichi aliitwa Jepchirchir kwa sababu alitoka mbio mbio, muuguzi hata hajavaa glavu. Shiko wakati ule alikuwa amependekeza, kwa heshima zote, kwamba mtoto aitwe jina la mama mkwe. Mama mkwe, Tryphosa, alishika kifua.

"Mnaniita na bado niko hai?" alisema. "Kwani mmechoka na mimi?"

Kwao anayeitwa kwa mtoto ni aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Wakacheka, yakaisha, na Kimeli akamwambia mkewe, "Huyu ni wetu. Wa pili ni wako. Nyaguthii, kabisa, bila kupunguza." Ahadi ni deni, na Shiko aliiweka moyoni.

Wa pili naye hakungoja mpango wa mtu. Walikuwa wameenda Ziwa kumwona Tryphosa, na uchungu ukaja mapema. Kimeli akawasha pikapu ya kakake, Tryphosa akapanda kiti cha nyuma na leso tatu, wakashika barabara ya kuja mjini Eldoret. Katikati ya njia kondoo wakajaa barabarani, kundi zima, na mwenye kondoo yuko huko nyuma anaongea na simu kana kwamba barabara ni ya babake. Kimeli alipiga honi, akatukana, akashuka akawasukuma kondoo kwa mikono. Aliporudi garini mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, yuko ndani ya leso ya Tryphosa, analia kuliko kondoo. Hospitalini mama na mtoto walikutwa salama, ila muuguzi alipouliza jina, Kimeli alimtazama mkewe, mkewe akatazama dirisha.

Jioni ile ya kurudi nyumbani kwao mtaa wa Kapsoya ndipo Kimeli aliposema. Alikuwa anamenya viazi, jambo ambalo hulifanya akiwa na la kuomba.

"Shiko, si nimekataa. Lakini tunaweza kuweka Nyaguthii hapo katikati? Mwanzo tuweke J. Yoyote, wewe chagua."

"Uliniambia bila kupunguza."

"Najua nilisema." Aliendelea kumenya kiazi ambacho tayari kilikuwa hakina ganda. "Watu husoma mwanzo tu, mama. Hakuna mtu hufika katikati. Na mwaka ujao ni wa kura."

Hakukusudia kulisema hilo la mwisho. Lilimtoka, likakaa pale mezani pamoja na maganda. Mwanamke mwingine angewaka. Shiko alianza kukusanya maganda, na Kimeli alidhani ni hasira. Haikuwa hasira. Ukweli ni kwamba alipumua. Mumewe alikuwa amesema kile ambacho yeye alikuwa akikiomba kwa siri tangu mimba ilipokuwa ya miezi mitatu, na alikuwa akiona aibu kukiomba. Alitaka J. Alimpenda mamake kuliko macho yake mwenyewe, na alitaka J.

Ijumaa asubuhi Awuor, jirani wa mlango wa pili, aliingia na simu mkononi kama daktari aliyeleta dawa. Awuor huuza mitumba sokoni na hakuna shida ya jirani ambayo haijui.

"Nimewatafutia," alisema. "Majina ya wasichana ya herufi J, yako mengi mpaka unachoka. Jayleen. Jasmine. Jewel. Huyu Jewel ni mzuri, maana yake ni kito. Jolene. Joyline. Mama Chichi, hata Joyline hutaki?"

"Awuor, mtoto si duka la saluni."

"Haya basi, Jemima. Hiyo ni ya Biblia, hakuna mtu atakuuliza kabila la Jemima."

Shiko aligeuza uso akajifanya anaweka sawa shuka la mtoto. Hakuna mtu atakuuliza. Awuor alisema hivyo kwa mzaha, na hakuna dalili kwamba alijua alipogusa. Lakini mwenye kidonda hata upepo unamuuma.

Shiko alikuwa darasa la tatu mwaka ule wa kura. Waliishi karibu na Moi's Bridge, shamba la kukodi, baba amekwisha kufa, mahindi yako stoo. Miezi ile ya baada ya kura watu waliacha kusalimiana, kisha wakaanza kuhama, na asubuhi moja Nyaguthii alimvika Shiko sweta mbili na wakatoka kwa miguu. Mbele barabarani kulikuwa na magogo na vijana wanaomuuliza kila mtu jina wajue kabila lake. Kabla hawajafika, Nyaguthii aliinama kando ya njia kana kwamba anafunga kamba ya kiatu cha mtoto.

"Ukiulizwa," alinong'ona, "wewe ni Njepkosgei."

Akasikia lilivyomtoka. Akajaribu tena, polepole, na ile N ikatangulia tena mbele ya J, kwa sababu ulimi wa Nyaguthii haujawahi kuitamka J ikiwa peke yake tangu azaliwe. Hapo akafungua leso ya kichwani, akajifunga nayo taya na mdomo kama mtu mwenye jino bovu, akamwambia mtoto wa miaka tisa kwa macho tu: wewe ndiye utakayeongea.

Jepkosgei alikuwa binti wa jirani. Shiko alikuwa ameruka kamba naye mwaka mzima na alijua kulisema jina lake kama linavyosemwa kwao. Kijana mmoja akamwinamia. "Unaitwa nani?"

"Jepkosgei."

"Na huyu?"

"Ni mama. Anaumwa na jino."

Yule kijana alimtazama Nyaguthii kwa muda mrefu, kisha akaonyesha kwa mkono wapite. Wakapita. Walitembea mpaka magogo yakapotea nyuma yao, na Nyaguthii hakuifungua leso ile mpaka walipofika mahali pa kulala. Tangu siku hiyo hawakulizungumza jambo hilo hata mara moja, na Nyaguthii hakukanyaga tena upande huu. Shiko alirudi Eldoret kwa sababu ya chuo, akabaki kwa sababu ya Kimeli. Hata mahari na harusi vilifanyiwa Nakuru, kila upande ukisafiri nusu ya njia, na kila mtu akajifanya kwamba Nakuru ilichaguliwa kwa sababu ya ukumbi mzuri.

Na sasa alikuwa anakuja, kwa mara ya kwanza, kwa sababu ameambiwa amezaliwa. Angefika, angeuliza jina, na binti yake angemwambia nini? Kwamba herufi yako naiogopa, mama?

Mwenye kuleta nafuu akawa Tryphosa. Alikuwa amekuja kukaa nao ili amkande mzazi, amejaza friji maziwa ya mala, na anatawala jikoni hakuna wa kumpinga. Jioni ya Ijumaa alikuwa akimwogesha mtoto kwenye karai alipouliza, bila hata kugeuka, "Hilo jina la mama yako, lina maana gani?"

"Nyaguthii? Guthii ni kwenda, mama. Nyaguthii ni mtu wa kwenda. Wa safari."

Tryphosa aliacha mkono wenye sabuni hewani. "Wa safari?"

"Ndio."

"Na huyu alizaliwa wapi?"

"Njiani," alisema Shiko, asielewe bado.

"Njiani! Safarini!" Tryphosa alimwinua mtoto akichuruzika maji kama aliyemvua ziwani. "Sisi mtoto wa safarini tunamwita Jeruto! Jeruto, Shiko! Ni jina la mama yako, limegeuzwa tu! Kimeli! Kimeli, kuja hapa!"

Kimeli alikuja mbio akidhani mtoto ameanguka. Alipoelezwa alikaa kwenye kiti cha plastiki akacheka mpaka akajifuta machozi. J iko mbele. Nyaguthii yuko ndani. Hakuna aliyenyimwa. Awuor aliitwa, akakubali kwamba ni bora kuliko Jewel, japo kwa shingo upande. Hata Shiko alicheka, akalala usiku ule vizuri kuliko usiku wowote wa wiki ile, ingawa asubuhi aliamka mapema kuliko wote na hakujua kwa nini. Alijiambia ni uchovu wa uzazi.

Nyaguthii alifika Jumamosi mchana. Kimeli alimpokea kituoni, akambebea mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi, na nduma za kumrudishia mzazi damu, na njia nzima, kama alivyomnong'onezea mkewe baadaye, mama hakusema kitu ila kuuliza, "Hapa ni wapi?" na baada ya kidogo, "Na hapa?" Alipoingia sebuleni aliwasalimu wote mmoja mmoja. Alimkumbatia Tryphosa, wakaulizana habari za mvua na mahindi na magoti. Kisha akachagua kiti kilichokuwa karibu na mlango, akaketi na mkoba wake magotini. Chai ililetwa akanywa. Koti hakulivua.

Shiko aliliona lile koti la mtu aliye tayari kuondoka. Jua lilikuwa linawaka nje, Chichi anakimbia na fulana tu, na mamake amefunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Haya," alisema Nyaguthii, akaweka kikombe chini, akafuta viganja kwenye sketi. "Niletee mimi."

Shiko alimchukua mtoto. Kabla hajafika kwenye kile kiti, Tryphosa, ambaye furaha ilikuwa imemjaa tangu jana na hakuna mahali pa kuiweka, alisimama.

"Ngoja, Mama Wanjiku, ngoja kwanza usikie!" Akaeleza yote: barabara, uchungu, gari, kondoo wapumbavu, mwenye kondoo na simu yake, leso. "Na kumbe wewe jina lako ni la safari! Na sisi mtoto wa safarini ni Jeruto! Sasa huyu ni wewe mara mbili. Kwa lugha yenu ni Nyaguthii, kwa lugha yetu ni Jeruto. Mungu amefanya kazi yake."

Alingoja makofi. Kimeli alikuwa tayari amefungua mikono ayapige.

Nyaguthii hakunyoosha mikono kumpokea mtoto. Aliirudisha juu ya mkoba.

"Hapana," alisema.

Mikono ya Kimeli iliishia hewani. Chichi mwenyewe aliacha kukimbia.

"Mama Kimeli, usinielewe vibaya. Umetafuta kwa moyo mzuri, nimeona. Lakini sitaki." Alikuwa anaongea huku akitazama zulia. "Nyaguthii niliyerithi jina lake alifukuzwa kwa bwana wake akiwa na mimba. Mimi nilitoka kwetu nikiwa msichana kutafuta kazi, nikatoka kazini, nikatoka shambani huko Moi's Bridge na huyu nimemshika mkono. Hilo si jina, ni mguu. Nimekwenda. Nimekwenda vya kutosha. Mtoto huyu asipewe safari, si kwa lugha yetu, si kwa lugha yenu."

Tryphosa alikaa chini taratibu. Furaha yote ilikuwa imemtoka, na uso wake ukaonekana mzee ghafla. "Basi hutaki kuzaliwa?"

"Nataka sana. Ningekuwa sitaki ningekuja huku?"

Shiko alikuwa amesimama katikati ya chumba na mtoto mikononi, na maneno aliyokuwa ameyameza wiki nzima yakapanda yenyewe. Hangeweza kuyazuia hata angetaka.

"Mama, si wao," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye nilitaka J. Kabla hata Kimeli hajasema. Naogopa, mama. Kila nikimfikiria akiulizwa jina mahali, na aseme Nyaguthii, naogopa mpaka mikono inakufa ganzi. Nimekunyima jina lako kwa sababu ya woga."

Machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto kwenye paji la uso. Mtoto alikunja uso, akapiga chafya.

"Najua," alisema Nyaguthii.

"Unajua?"

"Si mimi ndiye nilikufundisha?" Sasa alikuwa amemwinulia macho. "Nani alikuambia useme Njepkosgei? Ni mimi. Nilijifunga mdomo, nikakuachia kazi ya kutuokoa wote wawili, na ulikuwa mtoto wa darasa la tatu. Tangu siku hiyo najua wewe hutaita mtoto jina langu. Nimekuja hivyo hivyo. Nilisema hata kama ni Jane, nitamshika."

Kimeli aliwatazama, mama na binti. "Jepkosgei gani?" aliuliza, na ilikuwa wazi kwamba hajawahi kuambiwa. Shiko alimweleza kwa maneno machache, kwa sababu jambo lenyewe ni fupi: magogo, leso, jino. Kimeli akatazama mikono yake. Tryphosa akasema, "Pole, Mama Wanjiku," akarudia, "Pole, jamani."

Chai ikapoa. Shiko alifikiri: sasa tumebaki bila jina kabisa, na mama atapanda gari kesho akiwa na koti lake, na hatarudi tena. Alitamani mtu aseme kitu chochote, hata Jewel.

Nyaguthii ndiye aliyesema.

"Hao kondoo," aliuliza, "walikuwa wanaenda ama wanarudi?"

Wote walimtazama.

"Mlisema kondoo walijaa barabarani. Mtoto amezaliwa hapo, wao wanapita. Walikuwa wanaenda malishoni ama walikuwa wanarudi?"

"Walikuwa wanarudi," alisema Kimeli. "Ilikuwa jioni. Walikuwa wanarudi boma, ndio maana walikuwa wabishi hivyo, hawakutaka kupisha mtu."

"Na ninyi, mtoto akizaliwa saa hiyo ya mifugo kurudi, hamna jina lake?"

Tryphosa alijipiga kiganja kwenye paji la uso hadi kikalia.

"Jerono," alisema. "Ni Jerono! Mbuzi na kondoo wakirudi nyumbani jioni, msichana ni Jerono. Na mimi nilikuwa hapo! Nilikuwa hapo ndani ya gari, naona kondoo kwa dirisha, nawatukana, na sikukumbuka! Kichwa changu kilikuwa kwa barabara tu."

"Wa kurudi nyumbani," alisema Nyaguthii polepole.

"Ndio. Wa kurudi."

Nyaguthii aliweka mkoba sakafuni. Alifungua kifungo cha shingoni, kisha kilichofuata, na vyote, akalivua koti akalitundika kwenye mgongo wa kiti kama mtu aliyefika kwake. Akanyoosha mikono, na Shiko akamweka mtoto mikononi mwake.

Mama mzee alimtazama sana. Aligusa pua, akafungua ile ngumi ndogo kidole kimoja kimoja, akaikuta haina kitu, akacheka.

"Basi huyu ndiye mimi," alisema. "Mimi wa kurudi. Njerono."

"Shosho amesema nje tena!" Chichi alipiga kelele.

"Si Nje," Tryphosa alimrekebisha kwa upole, kama mwalimu wa chekechea. "Ni Je. Je-ro-no."

"Ndio nimesema. Njerono."

Shiko alianza kucheka, na kicheko kikachanganyika na kilio mpaka akashindwa kujua kipi ni kipi. Kimeli alimtazama, naye akasikia alichokisikia mkewe. Ile N ya Nyaguthii ilikuwa imetangulia, imesimama mbele kabisa, pale pale ambapo watu husoma.

Wakati huo Awuor alikuwa amefika mlangoni. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, na yeye huanza kuongea kabla hajabisha. "Mama Chichi! Mmepata jina ama niendelee kutafuta?"

Shiko alifungua mdomo ajibu, kama alivyozoea, yeye ndiye wa kujibu. Nyaguthii alimtangulia. Aligeukia mlango, mtoto kifuani, leso yake iko kichwani mahali pa leso, akaita kwa sauti iliyovuka ua na kufika kwa majirani wa upande wa pili.

"Anaitwa Njerono!"

Shiko alingoja moyo uanze kumwenda mbio. Kwa mazoea aliusikiliza kabisa, mkono kifuani; ulikuwa umetulia.

"Njerono!" Awuor alirudia huko nje, akilionja. "Hilo ni tamu, shosho. Kuna chai?"

Tryphosa alifungua mdomo amrekebishe tena mgeni wake, kisha akaufunga, akaenda jikoni kuongeza maji kwenye sufuria.